Sufuria Iliyokwenda Caernarfon

Katika ukoo wa mume wangu hakuna safari isiyo na sufuria. Kuzika, sufuria. Kuposa, sufuria. Mama mkwe alipotoka Tanga kuja kutuona Birmingham, begi moja lilikuwa la nguo na la pili la sufuria: ile kubwa ya kilo tatu za mchele, yenye mfuniko uliobonyea upande tangu harusi ya binamu mmoja ambaye ndoa yenyewe imeshavunjika. Nilimwambia, "Mama, huku masufuria yapo." Akanijibu, "Yapo, lakini hayanijui."

Basi shoga yangu aliponipigia simu kutualika kwake Welisi, akasema tutakuwa na siku ya kutembea tu, taratibu, bila kukimbizwa na saa, nikajua mapema kwamba saa haitatukimbiza lakini sufuria itatukimbiza. Shoga huyo nimesoma naye Tanga. Aliolewa na Mwelisi, ambaye mimi namwita shemeji, na wanaishi kwenye nyumba ya mawe nje kidogo ya Trawsfynydd, katika Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Welisi, mahali ambapo kondoo ndio wenye barabara na gari huomba njia.

Asubuhi ya siku hiyo nyumba nzima iliamshwa na harufu ya vitunguu vinavyogeuka rangi. Mama alikuwa ameshaliteka jiko. Ni lile jiko zito la chuma linalowaka mchana na usiku, ndilo linalopasha nyumba joto na kuchemsha maji ya kuoga, na wenyeji hawapendi liguswe na mgeni. Birika la shemeji lilikuwa limeshateremshwa sakafuni. Mahali pake ilikaa nyama, tangawizi, mdalasini, iliki na viazi vilivyokatwa vinene. "Tunakwenda kutembea," Mama alisema, "na mwenye kutembea anakula."

Mlango wa nyuma ukafunguka bila hodi, akaingia mama yake shemeji, ambaye kila mtu nyumba ile anamwita Nain, kama wajukuu wa kaskazini mwa Welisi wanavyowaita bibi zao. Mkononi alishika bati kuukuu la biskuti, na ndani ya bati mlikuwa na bara brith, mkate mtamu wa zabibu kavu na matunda mengine yaliyolala usiku kucha ndani ya chai. Nain naye haendi popote bila bati lake. Akaitazama sufuria. Mama akalitazama bati. Mimi na shoga yangu tukatazamana.

Nain akakata kipande, akakipaka siagi, akamsogezea Mama kwa maneno ya Kiwelisi. Mama akataka kujua kama ndani mna mafuta ya nguruwe. Shoga yangu akauliza, Nain akahesabu kwa vidole: unga, sukari, yai, matunda, chai. Basi. Mama akashukuru sana, kisha akakirudisha kipande ndani ya bati kwa heshima zote. "Mwambie ahsante. Lakini mtu hajazi tumbo mkate na pilau iko motoni." Shoga yangu akatafsiri ile ahsante, akaishia hapo.

Pilau ikaiva. Mfuniko ukafungwa kwa kamba, sufuria ikaviringishwa taulo, juu yake ikafungwa kanga mbili, ikakaa kwenye buti ya gari letu. Kachumbari chombo chake, pilipili chombo chake. Baba Watoto akaitwa mbele ya wote akakabidhiwa. "Hii ni amana," Mama alimwambia mwanawe. Neno hilo ulishike, msomaji, maana yeye hakulishika.

Kituo cha kwanza kilikuwa karibu tu: Yr Ysgwrn, nyumba ya shamba alikokulia mshairi Hedd Wyn. Jina lake la kuzaliwa ni Ellis Humphrey Evans, na kazi yake ilikuwa kuchunga kondoo wa baba yake. Waelisi wana tamasha lao la utunzi na uimbaji linaloitwa eisteddfod, ambamo mshairi bora hupewa kiti, kiti hasa cha mbao kilichochongwa kwa ajili yake. Mwaka 1917 Hedd Wyn alishindana katika eisteddfod ya taifa zima, iliyofanyika Birkenhead, ng'ambo ya mpaka. Alituma shairi refu la kanuni za kale, ambamo konsonanti za nusu moja ya mstari hujibiwa na za nusu ya pili. Mtu aliyelelewa kwenye vina na mizani hahitaji kuelezwa kazi iliyomo humo. Kisha akapelekwa vitani Ubelgiji, akauawa tarehe 31 Julai, siku ya kwanza ya mapigano ya Passchendaele, akiwa na miaka 30. Septemba ilipofika, mshindi aliitwa jukwaani kwa jina lake la kujificha. Hakuitika. Akaitwa tena. Ndipo ikatangazwa kwamba mwenye kiti amekufa vitani, na kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Fundi aliyekichonga alikuwa Mbelgiji, Eugeen Vanfleteren, mkimbizi wa vita hivyohivyo.

Kiti kiko palepale nyumbani kwao. Mama alisimama mbele yake, na Nain pembeni, kila mmoja na leso yake. Nain akaeleza jambo kwa Kiwelisi, kirefu. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kirefu vilevile. Wakaendelea hivyo mpaka mlangoni, wala sikumsikia hata mmoja akisema "unasemaje?" Nje, Mama akafuta macho akamgeukia mwanawe.

"Lete sufuria."

"Hapa, Mama?"

"Nyumba ya msiba haitokwi bila watu kula."

"Mama, msiba huu ni wa 1917."

"Matanga ya mshairi hayajaanuliwa. Si kiti kile kipo?"

Shemeji, ambaye hajapata kuinua sauti tangu aoe, akasema taratibu kwamba Harlech kuna nyasi nzuri na bahari inaonekana, tungekula huko kwa nafasi. Mama akakubali. Alimkubalia kwa sababu ni mkwe wa watu. Angekuwa mwanawe asingepona.

Ndani ya gari akahamia kwangu. Alikuwa amewasikia watoto wa shoga yangu: kwa Nain wanamwaga Kiwelisi, wakigeuka kwake wanampa shikamoo na Kiswahili cha Tanga, tena chenye madaha. "Hawa wana lugha ya bibi huyu na ya bibi yule," akasema. "Wako je?" Wangu walikuwa nyuma wakigombana kwa Kiingereza. Nikatazama kondoo. Shemeji ndiye aliyekuja kuokoa jahazi baadaye kwa takwimu, akieleza kwamba hata kwao kazi si ndogo: sensa ya 2021 ilikuta wasemaji wa Kiwelisi hawafiki hata mmoja kati ya watu watano Welisi nzima, ingawa Gwynedd ni karibu wawili kati ya watatu, na shule za msingi za huku hufundisha kwa Kiwelisi. Mama akasema yeye hakuuliza habari za Welisi nzima.

Harlech ni ngome iliyokaa juu ya jabali. Aliijenga Edward wa Kwanza wa Uingereza baada ya kuiteka nchi ya Gwynedd, ikamalizika 1289, na fundi wake mkuu aliitwa James wa Saint George. Gari tuliliacha chini, upande wa stesheni. Kwa hiyo Baba Watoto akapanda na sufuria kifuani kupitia Ffordd Pen Llech, kilima ambacho Guinness walikitangaza mwaka 2019 kuwa mtaa wenye mwinuko mkali kuliko yote duniani, kisha 2020 wakapima kwa namna nyingine wakairudishia Nyuzilandi sifa hiyo. Baba Watoto alipofika juu alisema Nyuzilandi wamependelewa.

Ukutani, upepo ukitupiga, shemeji akatuonyesha ngazi zinazoshuka jabali, zaidi ya mia moja. Siku hizi bahari imejitenga, mchanga na nyasi zimeingia katikati, lakini zamani maji yalifika hadi chini ya jabali. Waelisi walipoasi mwaka 1294 na kuizingira ngome, walinzi wa ndani hawakufa njaa kwa sababu merikebu kutoka Ayalandi ziliwaletea chakula, kikapandishwa kwa upande wa bahari. Mama aliyekuwa hasikilizi habari za wafalme akageuka.

"Kwa hiyo kuta zote hizi kazi bure. Ngome ilikuwa ile ngazi."

Shemeji akafurahi kupata mwanafunzi. Akaendelea: Owain Glyndŵr, Mwelisi aliyejitangaza Mwana Mfalme wa Welisi, aliitwaa ngome hii 1404 akapokonywa 1409. Baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza, watu walijifungia humu miaka saba, mpaka 1468.

"Miaka saba," Mama akasema. "Nani alikuwa anapika?"

Shemeji akafikiri. Akatafuta kwenye simu. Hakupata.

"Ndiyo historia yenu hiyo. Panga la kila mtu mnalijua, sufuria yake hamuijui."

Tukatandika kanga kwenye nyasi. Kamba ya mfuniko ilikuwa haijafunguliwa fundo la pili, upepo wa ghuba ya Cardigan ukaingia chini ya kanga, ukainyanyua na vikombe vyake, ukaipeleka ukutani. Nyuma ya upepo ikaja mvua, si ya kushuka bali ya kupita ubavuni. Mama akaikumbatia sufuria. "Pilau hainywi mvua," akaamua, na amri ikawa turudi garini. Baba Watoto akateremka na sufuria Ffordd Pen Llech ileile, kinyumenyume, huku watoto wakimshangilia. Alikuwa ameipandisha kilima na kuishusha bila mtu kuonja hata punje, na nadhani hapo ndipo moyo wake ulipoanza kuikana.

Tulipofika Porthmadog, mvua ilikatika. Stesheni ya pale ni ya treni ndogo, reli zake hazifiki sentimita 60 upana, na huondokea njia mbili. Moja hupanda Blaenau Ffestiniog, mji wa machimbo ya lile jiwe la kijivu linalopasuliwa mabamba membamba ya kuezekea nyumba. Shemeji, ambaye babu zake walikuwa wachimbaji, akasimulia kwamba reli hiyo ilifunguliwa 1836 kabla ya kuwa na injini yoyote. Mabehewa yaliyojaa mawe yalishuka yenyewe kwa uzito wake mpaka bandarini, na wanaume wa breki juu yake. Matupu yalivutwa na farasi kurudi mlimani. Na farasi wakati wa kushuka? Walikuwa na behewa lao, wakiteremka nalo wamesimama, wanapumzika na kula majani. Injini za mvuke zilikuja 1863.

Mama alinyamaza kitambo.

"Farasi walikula njiani."

"Ndiyo, Mama."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Ilikuwa saa saba unusu. Hakuna aliyemjibu.

Sisi tulipanda njia ya pili, inayokwenda Beddgelert na kuendelea hadi Caernarfon, kilomita 40 kwa jumla. Njia hiyo ilifungwa miaka ya 1930, ikalala kwa miongo, ikafufuliwa kipande kwa kipande mpaka ikaunganishwa tena 2011. Shauri likapita kwamba tutakula Beddgelert kando ya mto, bila kukosa. Baba Watoto akaisukuma sufuria chini ya meza ya behewa, akanyoosha mikono yake, akashusha pumzi ndefu. Treni ikapenya bonde la Aberglaslyn, mto unapiga kelele upande mmoja, jabali linasugua dirisha upande mwingine, kisha giza la mahandaki na watoto wanapiga mayowe. Tulipofika, kila mtu akashuka na chake: makoti, miavuli, kachumbari, pilipili, bati la Nain. Treni ikapiga king'ora, ikaondoka.

Mama ana kawaida ya kuhesabu. Akahesabu wajukuu, wakatimia. Akahesabu vyombo.

"Amana yangu iko wapi?"

Sijawahi kumwona Baba Watoto akipungua kimo, lakini siku hiyo alipungua. Moshi wa injini ulikuwa bado unaonekana juu ya miti, ukipanda kuelekea Rhyd Ddu, chini ya mlima Yr Wyddfa. Pilau ya kilo tatu ilikuwa inakwenda Caernarfon bila tiketi.

Shemeji akaenda kwa mzee wa stesheni. Wengi wanaohudumia treni hizi ni watu wa kujitolea, wapenzi wa injini, na mzee huyu alilichukua jambo kwa uzito wake. Aliuliza sufuria ya rangi gani. Aliuliza ndani mna nini. Aliposikia ni wali na nyama, akauliza kama ni wa moto. Kisha akapiga simu, akaongea Kiwelisi kirefu ambacho ndani yake nilikamata neno moja tu, "pilau". Jibu likaja: imeonekana, itateremka na treni hiyohiyo ikirudi alasiri. Tusubiri.

Hapo ndipo tulipoketi kwenye benchi na kachumbari isiyo na pilau, pilipili isiyo na pilau, na watoto walioanza kulia kwa lugha zote tatu. Nain hakusema neno. Akafungua bati, akakata, akapaka siagi, akagawa, mdogo kwanza. Kipande cha mwisho akamshikia Mama mbele ya uso na kungoja. Mama akakitazama. Akakipokea. Akala. Akala na cha pili.

"Mwambie ni mzuri," akamwambia shoga yangu. "Lakini ungetiwa iliki ungekuwa mkate kweli."

Safari hii shoga yangu akatafsiri yote, mpaka iliki. Nain akatafuna taratibu, akajibu, shoga yangu akaficha mdomo kwa kiganja. "Anasema na pilau yako anasikia sifa zake tu, uso bado hajauona."

Mama alicheka mpaka akashika nguzo.

Kungoja tukakumalizia kwenye kaburi la Gelert, ambalo hadithi husema ndilo limekipa kijiji jina. Mama hakupenda habari ya kuzuru kaburi la mbwa, akafuata kwa ajili ya wajukuu, akasimama mbali. Kisa ni kwamba Mwana Mfalme Llywelyn alirudi kutoka mawindoni akakuta kitanda cha mwanawe kimepinduka na mbwa wake ana damu mdomoni. Akamchoma upanga. Kisha akasikia mtoto analia, mzima, na pembeni yake mbwamwitu amelala ameuawa na yule mbwa mwaminifu. Watoto wakaanza kulia upya. Shemeji akaona bora aseme kweli yote: wanahistoria wanaeleza kwamba kisa hiki kilipandikizwa hapa mwishoni mwa karne ya 18 na mwenye hoteli mmoja aliyetaka wageni.

"Alah!" Mama akasogea karibu, sasa anasoma kibao kwa hamu. "Mbwa hakula. Mbwamwitu hakula. Mfalme hakula. Aliyekula ni mwenye hoteli. Huyo ndiye mtu pekee mwenye akili niliyesimuliwa leo."

Treni ilipotokeza, sote tulikuwa tumejipanga ukingoni. Kondakta, mzee mwenye ndevu nyeupe, akashuka ameishika sufuria kwa mikono miwili, kanga zimefungwa vilevile, fundo halijaguswa. Akamkabidhi Mama mwenyewe, si mwanawe. Sijui nani alimwonya. Mama akafungua hapohapo, akamjazia mzee mfuniko wa chombo cha kachumbari, akamtilia na nyama mbili. Mzee alikula pale kwenye behewa lake akiwa amesimama, na alipomaliza alirudisha mfuniko mweupe.

Basi tukateremka kuelekea Porthmadog tunakula, kama wale farasi wa Ffestiniog. Pilau ilikuwa imepoa kabisa, mafuta yameganda kwenye viazi, vijiko havitoshi. Nain akafundishwa kula kwa mkono, akafundishika. Pilipili akaidharau, ikamwadhibu, akaiomba tena. Ukoko ulipoanza kukwanguliwa, wanangu waliona watoto wa shoga yangu wanaupata kwa kusema "Bibi, naomba", nao kabla ya handaki la mwisho walikuwa wameshajua kuomba kwa Kiswahili safi. Mama akanitazama. Hakusema kitu, akawaongeza.

Ukipima kwa haki, sufuria ndiyo iliyotalii siku hiyo. Ilipita chini ya Yr Wyddfa, mlima wa mita 1,085. Ilifika Caernarfon, ambako ngome ilianzwa kujengwa 1283 na ambako Charles, mfalme wa sasa, alitawazwa Mwana Mfalme wa Welisi mwaka 1969. Sisi tuliona benchi. Mama amesharudi Tanga, na nasikia huko anawasimulia watu habari za Caernarfon kwa undani wote.

Nawe unayepanga kumpeleka mzazi wako kutembea, iwe Gwynedd au Lushoto, pokea neno la aliyekaa kwenye benchi lile. Ngome ya Harlech iko pale tangu 1289, haihami. Kiti cha Hedd Wyn kina zaidi ya miaka mia, kitakungoja. Pilau haingoji. Kuleni kwanza ndipo muwashe gari, na sufuria abebe mwenyewe mwenye sufuria.